Kuchelewa sio kupotea: albamu mpya, mjomba wangu na hesabu ya miaka

Test zimepita, bumu limeingia Jumanne, na kama kawaida hosteli nzima inanukia kuku wa kukaanga. Kwa mliomaliza chuo mkasahau: ndiyo, bado tuko hivyo hivyo. Wiki moja ya ufalme, wiki saba za maharage.

Leo nataka kuongea muziki. Sio Bongo Fleva (tulia mshikaji, siku yako inakuja). Nataka kuongea albamu mpya za soul, funk na rege, maana ndizo zilizonikaa kichwani tangu Oktoba 2025, na zimeniletea ubishi wa kifamilia ambao mpaka naandika hapa haujaisha vizuri.

Shosti wangu wa chumbani anasema nina roho ya mzee wa miaka sitini iliyofungiwa kwenye mwili wa binti wa mwaka wa tatu. Akiniona nimevaa hedifoni ananiuliza, "Leo umemfufua nani?" Teh teh teh. Namwambia shosti, hawa hawajafufuliwa, hawa wanatoa albamu mpya. Haamini. Kwake yeye soul ni kitu cha redioni Jumapili asubuhi, rege ni Bob Marley kwenye fulana, na funk hajui ni mnyama gani mpaka nimpigie James Brown, hapo ndipo mguu unapoanza kumsaliti.

Basi kwa ajili yake, na kwa ajili yenu mnaodhani muziki huu ulizikwa pamoja na santuri, ngoja niwape kilichotokea.

Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, Chronixx wa Jamaika alitoa albamu inaitwa Exile. Siku hiyo hiyo alikuwa anatimiza miaka 33. Albamu yake iliyotangulia, Chronology, ilitoka Julai 2017. Sasa nyie pigeni hesabu. Chronology inatoka mimi niko kidato cha kwanza, nina daftari lenye picha ya simba. Nikamaliza kidato cha nne, nikaenda bweni kusoma kidato cha tano na sita, nikaingia chuo, nikafika mwaka wa tatu, jamaa anatoa wimbo mmoja mmoja tu, albamu hakuna. Ilifika mahali nikasema huyu ameacha, kaenda kulima.

Halafu ghafla hiyo hapo. Niliishusha kwa bando la usiku, saa nane, nikazima taa, nikaisikiliza toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata wimbo mmoja. Cha kwanza kinachokupiga ni kwamba haina haraka. Besi iko mbele, sauti za nyuma zimepangwa kama kwaya, na yeye mwenyewe anaimba taratibu kama mtu aliyeketi barazani. Aliyeitayarisha ni Inflo wa London, yule jamaa aliye nyuma ya kundi la Sault. Kama hamuwajui Sault, hao ndio waliotoa albamu tano kwa siku moja Novemba 2022, tena bure, kwenye faili lililofungwa kwa nenosiri. Yaani mmoja anakaa miaka minane kutoa moja, mwingine anamwaga tano kwa mkupuo, wakakutana studio moja. Dunia ina mambo.

Sasa furaha yangu ilidumu siku nne. Jumanne tarehe 14, nipo maktaba, nikasoma kwenye simu kwamba D'Angelo amefariki kwa saratani ya kongosho, miaka 51. Kwa wasiomjua, huyu ndiye aliyeirudisha soul ya ala za kupigwa kwa mikono wakati wengi wameshahamia kwenye mashine. Maisha yake yote alitoa albamu tatu za studio: Brown Sugar mwaka 1995, Voodoo mwaka 2000, na Black Messiah Desemba 2014. Kati ya ya pili na ya tatu ni karibu miaka 15. Na mwaka 2024 mwenzake Raphael Saadiq alikuwa amesema hadharani kwamba jamaa yuko kwenye nyimbo mpya. Tukawa tunasubiri ya nne.

Ndani ya wiki moja, basi, niliona mwisho wa aina mbili wa kusubiri. Ijumaa aliyechelewa kafika. Jumanne aliyechelewa hatafika tena. Nikafunga kitabu cha takwimu, nikatoka nje, nikampigia mjomba.

Mjomba wangu ni mpiga besi. Sio maarufu, msijisumbue kumtafuta. Ameanza bendi miaka ya themanini, amepita bendi nyingi kuliko koti zake, na siku hizi anapiga Ijumaa na Jumamosi kwenye hoteli moja ya ufukweni, nyimbo za watu. Wageni wanataka Bob Marley, anawapa Bob Marley. Ana miaka 63.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Umekula?" Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Nikamwambia D'Angelo amefariki. Kimya. Nasikia tu pikipiki zinapita barabarani kwake. Halafu akauliza, "Na yule Mzungu wake wa besi, yupo?"

Mzungu mwenyewe ni Pino Palladino, wa Cardiff kule Wales, kazaliwa 1957. Ndiye aliyepiga besi kwenye Voodoo na kwenye Black Messiah. Mjomba anamjua kwa sababu nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimwekea Voodoo kwenye flashi. Aliipiga mpaka flashi ikafa. Nikamwambia yupo, mzima, na Novemba 2024 kapiga tena kwenye albamu ya Michael Kiwanuka. Mjomba akasema, "Basi sio mbaya." Akakata simu. Ndivyo anavyolia, yule.

Hapo kwa Kiwanuka ngoja nisimame kidogo, maana huyu ni wa kwetu jirani. Kazaliwa London mwaka 1987, wazazi wake ni Waganda waliomkimbia Idi Amin. Amewahi kueleza kwamba mwanzoni mwa kazi yake watu wa muziki walimshauri abadili jina, eti Kiwanuka halitauzika. Hakubadili. Mwaka 2019 akatoa albamu ya tatu akaipa jina gani? Kiwanuka! Ikashinda tuzo ya Mercury mwaka 2020. Kama kuna jibu la kistaarabu zaidi ya hilo mnionyeshe. Baada ya hapo kimya cha miaka mitano, ndipo ikatoka Small Changes, tarehe 22 Novemba 2024, imetayarishwa na Danger Mouse pamoja na, subiri, Inflo yule yule. Kwa hiyo mtu mmoja anaunganisha mtoto wa Waganda wa London na Rasta wa Jamaika, na mpiga besi mmoja anaunganisha mtoto huyo huyo na D'Angelo. Hukumu ya mjomba kuhusu Small Changes ilikuwa fupi: "Huyu anapiga noti tatu, na zinatosha."

Siku moja nikiwa kwake Temeke nilimuuliza, hivi funk na rege na soul tofauti yake hasa ni nini? Mimi nasikia kwa moyo lakini nikitaka kumweleza mtu nashikwa na kigugumizi. Akasogeza sahani, akaanza kugonga meza ya plastiki kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne.

Funk, akasema, inakanyaga moja. James Brown aliwafundisha watu wake hivyo: mengine yote fanyeni mnavyojua, lakini kwenye moja tukutane wote, tuikanyage kwa nguvu. Ndiyo maana mwili unaitika wenyewe, hauna pa kukimbilia.

Rege inafanya kinyume. Ule mdundo wanaouita one drop, drams inaiacha moja tupu. Pigo zito linaangukia tatu. Gitaa linakatakata katikati, na besi ndiyo inayoimba. "Moja inaachwa kama mlango wazi," akasema, "wewe msikilizaji unaingia mwenyewe." Tangu siku ile siwezi kusikiliza rege bila kuusikia ule mlango.

Na D'Angelo je? Mjomba akacheka. "Huyo anachelewa makusudi." Akagonga tena, lakini sasa kidole kinashuka nywele moja baada ya pale nilipokitegemea. Kwenye Voodoo, Questlove kwenye drams anakaa nyuma kidogo ya pigo, besi nayo inakuja nyuma kwa mwendo wake, na kila kitu kinayumba kama mlevi anayeijua njia ya kwake. Nikasema si ndio kukosea huko? Akanijibu maneno niliyoyaandika nyuma ya daftari la Takwimu:

"Kuchelewa sio kupotea, mama. Ukipotea umeua wimbo. Ukichelewa na wenzako wanajua unakuja, hiyo ni raha."

Sasa mimi ni mtu wa takwimu, mtanivumilia. Usiku wa msiba wa D'Angelo sikulala, nikakaa natengeneza jedwali. Safu moja msanii, safu ya pili miaka aliyowasubirisha watu. Nimewafupishia:

1. Michael Kiwanuka, toka 2019 hadi 2024: miaka 5.
2. Chronixx, toka 2017 hadi 2025: miaka 8.
3. Toots and the Maytals, mpaka Got to Be Tough ya 2020: kama miaka 10.
4. D'Angelo, toka 2000 hadi 2014: karibu miaka 15.
5. Charles Bradley, toka kuzaliwa mpaka albamu ya kwanza: miaka 62.

Namba tatu na namba tano lazima niziongelee.

Toots Hibbert ndiye jibu la watu wanaoniuliza kwa nini naziweka soul, funk na rege kwenye chungu kimoja. Wimbo wake wa mwaka 1968, Do the Reggay, unatajwa kuwa ndio ulioliingiza neno rege kwenye santuri. Ana albamu inaitwa Funky Kingston. Ana nyingine inaitwa Reggae Got Soul. Yaani majina tu yanakumalizia hoja. Sauti yake ni ya kanisani kabisa, ukifumba macho unasema huyu katoka kusini mwa Marekani, kumbe katoka May Pen, Jamaika.

Mwaka 2013 akiwa jukwaani Richmond, Virginia, kijana mmoja alirusha chupa ikampiga kichwani. Aliumia vibaya, akakaa karibu miaka mitatu bila kupanda jukwaani. Na kesi ilipofika mahakamani, yeye mwenyewe alimwandikia jaji barua akiomba kijana yule ahurumiwe. Mzee wa watu. Baadaye akarudi, akaingia studio, na tarehe 28 Agosti 2020 ikatoka Got to Be Tough. Tarehe 11 Septemba akafariki, Kingston, ana miaka 77. Hesabu hizo siku. Kumi na nne! Machi 2021 albamu ile ikapata Grammy, mwenyewe hayupo. Naiwaza sana hii. Kama mtu fulani angesema tusogeze mbele wiki tatu ili kava likae vizuri, mzee asingeiona.

Charles Bradley sasa. Huyu alimwona James Brown akiwa kijana mdogo, mwaka 1962 pale ukumbi wa Apollo, New York, na maisha yake hayakuwa sawa tena. Lakini kumwona ni kitu kimoja, kupata nafasi ni kingine. Akawa mpishi, akafanya vibarua, akalala nje, na usiku akawa anapanda majukwaa madogo kumwigiza James Brown, na wigi juu, chini ya jina la kubuni. Watu wa Daptone, lebo ndogo ya Brooklyn, ndio waliomkuta na kumwambia imba ya kwako. No Time for Dreaming ilitoka Januari 2011. Akatoa Victim of Love 2013, na Changes 2016. Septemba 2017 akafariki. Kwa hiyo miaka 62 ya kusubiri, sita na ushei ya kuishi alichokisubiri.

Daptone hao hao ndio nyumbani kwa Sharon Jones. Huyu dada alikuwa askari magereza pale Rikers Island, akawa pia mlinzi wa magari ya kusafirisha pesa, Jumapili anaimba kanisani na wikiendi kwenye maharusi. Mtu wa kampuni ya rekodi aliwahi kumwambia ni mweusi mno, mnene mno, mfupi mno. Umri nao ukaja kuongezwa kwenye orodha ya makosa. Albamu yake ya kwanza na Dap-Kings ikatoka 2002, keshavuka arobaini na kitu. Na ile studio yao ni nyumba ya kawaida tu ya kuishi watu, wakaibomoa ndani wakaijenga upya kwa mikono yao, na Sharon mwenyewe alisaidia kuvuta nyaya za umeme. Nikiwasimulia watu wa uhandisi hapa chuo hawaamini. Mwimbaji kafunga soketi! Bendi ile ile ndiyo inayosikika kwenye nyimbo kadhaa za Back to Black ya Amy Winehouse, mwaka 2006, ile ambayo hata shosti wangu anaijua. Sharon alifariki Novemba 2016 kwa saratani, na Soul of a Woman ikatoka Novemba 2017, karibu mwaka mzima baadaye. Sauti iko hapo, imenyooka, wakati alipokuwa akirekodi tayari anaumwa.

Mnaona ninakoelekea? Waswahili wana methali mbili na zote ni kweli. Subira yavuta heri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimekuwa nikizunguka kati ya hizo mbili kama daladala la Mwenge na Kariakoo.

Maana mjomba ana nyimbo kumi na moja.

Ziko kwenye kauntabuku la kava ngumu, ameandika maneno kwa kalamu nyekundu na kodi za gitaa kwa bluu. Ni za kwake, sio za wageni wa hoteli. Kuna rege, kuna soul ya Kiswahili ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, na kuna mmoja alioutunga mwaka alipofiwa na mke wake, ambao hauna jina, na anauimba akiosha pikipiki tu. Miaka ya tisini aliwahi kurekodi nyimbo mbili kwenye studio moja hapa mjini. Pesa ikaliwa, kanda haikuonekana. Tangu hapo akasema basi.

Na kuna jambo jingine ambalo hasemi lakini nimeliona. Ana sukari. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimeanza kufa ganzi. Juzi kwenye wimbo mmoja nilimwona anakwepa noti, anaizunguka kwa kidole cha kati kama mtu anayekwepa shimo barabarani. Wageni hawakujua. Mimi nilijua.

Kuna watu watasema mbona bendi za zamani zina rekodi nyingi tu. Zina, lakini angalieni zilipatikanaje. Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa na redio moja ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam, na karibu kila bendi iliyotaka kusikika ilipita kwenye studio yao. Kanda zile ndizo historia yetu, na tushukuru zipo. Ila asiyepita pale, hayupo.

Na soul ndiyo ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Sijui kama mnajua hii, maana mimi niliikuta nikitafuta kitu kingine kabisa: Novemba 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule Dar ilikuwa ndani yake, alipiga marufuku muziki wa soul. Ilikuwa enzi za Operesheni Vijana, ile ya kupambana na vimini, mawigi na suruali za kubana. Watu wakaandika magazetini kupinga. Hoja yao ilikuwa nzuri: mbona muziki wa Wazungu hamuukatazi, mnakataza wa watu weusi wenzetu? Kaka mkubwa wa mjomba alikuwa mmoja wa wale vijana waliokuwa wanacheza soul Jumamosi mchana. Yeye ndiye aliyemfundisha mjomba kushika besi. Hana kanda hata moja. Amekufa, na hakuna anayejua alikuwa anapigaje, isipokuwa vidole vya mjomba.

Basi Jumapili moja nikamwendea nimejiandaa kama naenda kutetea tasnifu. Nikamwambia mjomba, turekodi. Akasema albamu ni za vijana, mama, nani atamsikiliza mzee wa miaka 63? Nikamtolea jedwali. Charles Bradley, 62. Akasoma, akarudisha karatasi, akasema, "Huyo yuko Brooklyn."

Nyie, hilo jibu lilinikaa. Kwa sababu ni kweli. Kule kuna lebo iliyokwenda kumtafuta, kuna bendi inayolipwa, kuna watu wa kununua tiketi. Hapa Temeke kuna mimi na laptop yenye betri ya dakika arobaini. Siwezi kusimama mbele ya mtu aliyeibiwa kanda yake nikamwambia amini tu. Nilichomwambia ni kidogo zaidi ya hapo. Nilimwambia sihitaji watu wanunue. Nahitaji nikiwa na miaka 63 mimi, niweze kubonyeza kitufe nikausikia ule wimbo wa kuosha pikipiki.

Akanyamaza. Nikaongeza, "Na wewe ndiye uliyesema kuchelewa sio kupotea."

Akacheka, akanigeuzia kibao: "Ada umelipa?" Mazungumzo yakaishia kwenye ada. Nikarudi hosteli nimenuna, nikampigia shosti wangu Got to Be Tough kwa sauti kubwa mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano ikaingia meseji. Naikopi kama ilivyo, kwa kibali chake: "Njoo na hiyo mashine Jumamosi asubuhi. Nyimbo nne tu. Mama yako asijue." (Mama hasomi huku, tuko salama.)

Nne sio kumi na moja, najua. Sijui kama atakubali kuuimba ule usio na jina, na sitamlazimisha. Inawezekana tukapata nyimbo nne na kuku wa jirani nyuma yake, ndio iwe basi. Lakini nimeshajifunza kitu kwa hawa watu wote niliowataja: ile miaka ya kusubiri tunaihesabu kwa raha leo kwa sababu mwisho wake kuna kitu cha kusikiliza. Bila Voodoo na Black Messiah, ile miaka 15 ingekuwa ukimya tu. D'Angelo alikaa, alikaa sana, lakini kila alipokuwa tayari kuna mtu alikuwa na mkanda unaozunguka. Kusubiri ni kazi ya msanii. Kubonyeza kitufe cha kurekodi ni kazi yetu sisi tunaompenda.

Kwa hiyo naomba kuwakilisha maombi yangu, nyie mliopo jirani:

Nahitaji maikrofoni mbili. Najua jamaa wa kwaya ya chuo mnazo, msijifanye. Nahitaji mtu wa drams anayeweza kuiacha moja bila kuona aibu. Nahitaji magodoro manne ya kuegesha ukutani, ya kwetu ni mawili na shosti amekubali kutoa la kwake kwa sharti nisiendelee kumwamsha saa nane na Wajamaika. Waya mrefu wa umeme ninao. Soketi nitaitazama mwenyewe, Sharon Jones ameshanionyesha kwamba inawezekana.

Na wewe uliye mbali, fanya hivi: bando likiruhusu, sikiliza Small Changes, halafu Exile, kwa mpangilio huo, bila kuruka. Sikiliza besi tu. Halafu mpigie mtu wako wa nyumbani anayejua kitu ambacho hakijaandikwa popote, muulize amekula.

Chakula cha jioni kimegongwa, maharage yameanza mapema safari hii. Wikiendi njema, tutaongea wiki ijayo.